Spineli ya Mama Mkwe

"Usifunge, fundi. Nimetoka mbali, na nimeambiwa ni wewe tu."

Hapo ndipo tulipowaacha wiki iliyopita, msomaji wangu: binti mlangoni na kisanduku cha mahameli mkononi, na Bi Msasa, mkata vito, mkono wake ungali kwenye komeo. Wengine mmenisimamisha njiani mkiniuliza kama alifunga. Hakufunga. Angefungaje? Yule binti alikuwa amekunja ngumi, kidole gumba kimefichwa ndani ya vile vingine, vilevile alivyokuwa akifanya zamani, enzi alipokuwa mtoto wa kulazwa mchana.

Alikuwa mwanawe.

Na mwanawe hakumjua.

"Shikamoo, mama," binti alisema, kama anavyosalimiwa mwanamke yeyote wa makamo popote pale.

"Marahaba." Bi Msasa aliachia komeo. "Pita ndani."

Chumba kilikuwa kimoja tu, nacho ndicho karakana, ndicho jiko, ndicho sebule, na kitanda kiko nyuma ya pazia. Gurudumu la kusagia mawe lilikaa mbele ya dirisha, kopo la maji likilidondokea tone kwa tone. Kiti kimoja. Kikombe kimoja. Bi Msasa alikisuuza kile kikombe, akamimina chai, akampa mgeni. Yeye mwenyewe akanywea kifuniko cha chupa. Ukikaa peke yako muda mrefu, unasahau kwamba watu wanaweza kuwa wawili.

Hilo jina la Bi Msasa alipewa na mtaa kwa sababu ya sauti ya kusaga isiyokoma. Majirani wakisikia gurudumu linalia wanajua yu hai. Siku likinyamaza, hakuna anayekuja kuuliza kwa nini.

"Nina harusi Jumamosi," binti alianza. "Bibi yangu, mama yake baba, ananipa pete yake. Nataka uipime."

"Unataka kujua bei?"

"Bei hainihusu. Nataka kujua kama mama yangu alikuwa mwizi."

Kifuniko kilimponyoka Bi Msasa, chai ikatapakaa mezani. Akaifuta kwa upindo wa aproni, taratibu, ili asilazimike kuinua uso.

"Huyo mama yako yuko wapi?"

"Hayupo. Kwetu ukiuliza habari zake unaambiwa hayupo, na swali limekwisha. Sijui alikufa, sijui alihama. Picha yake hata moja hakuna. Ninachojua ni kwamba alikuwa fundi wa mawe kama wewe. Bibi alimpa pete hii aisugue. Ilikwenda na rubi, ikarudi na spineli, jiwe jekundu la bei ya chini. Rubi akatokomea nayo."

"Ndivyo ulivyosimuliwa?"

"Ndivyo nilivyolelewa. Nikivunja sahani, damu ya mama yake hiyo. Nikichelewa kurudi, damu ya mama yake hiyo. Sasa naolewa, fundi. Nitazaa. Sitaki mwanangu naye aje kuambiwa habari za damu."

Najua hapo ulipo unalipigia gazeti kelele: mwambie, mama, mwambie! Lakini wewe ungesema nini? "Mimi ndiye huyo mwizi, karibu chai"?

Kwa waliochelewa kujiunga nasi, niwape kisa kwa ufupi. Bi Msasa aliolewa kwenye nyumba ya watu wenye majivuno, mke wa mtoto wa kiume wa pekee. Mama mkwe wake alikuwa na pete ya jiwe jekundu na kidani cha jiwe jekundu, vyote alivishwa na marehemu mumewe siku ya harusi. Rubi, rubi, rubi, ndilo neno lililoimbwa nyumba nzima. Bi Msasa akapewa pete aisugue kwa ajili ya karamu. Kwenye karamu akaja mgeni mfanyabiashara wa vito, akaichungulia kwa kifaa chake, akatabasamu kwa nia njema kabisa: "Spineli safi, mama! Hongera!"

Mji mzima ukamgeukia yule aliyekuwa na jiwe mkononi wiki nzima.

Bi Msasa alilia, akasema na kidani nacho kipimwe. Mama mkwe akashika shingo yake kama mtu anayetaka kunyongwa. Kidani hakivuliwi! Mume akatazama sakafu. Kufikia jioni Bi Msasa alikuwa nje ya geti na mkoba mmoja, na mtoto ndani amelala. Alirudi getini mara nyingi. Aliambiwa mtoto akisikia jina lake analia kwa hofu, mpaka mwisho akaamini. Huko kuamini ndiko kunakomuuma mpaka leo, kuliko hata kufukuzwa.

Basi alifungua kisanduku. Pete ilikuwa ileile. Jiwe lilikuwa lilelile. Alilitazama kama unavyomtazama mtu aliyekutukana mbele za watu kisha ukakutana naye sokoni.

Ilikuwa rahisi sana kusema ni rubi. Neno moja, kesi imekwisha, mama hakuiba kitu. Nani angembishia? Lakini Bi Msasa alikuwa na ugonjwa wa mafundi: mdomo wake haukujua kulisingizia jiwe.

Akavuta droo, akatoa kibomba kifupi cha chuma, urefu wa kidole.

"Chungulia mwenyewe," alisema. "Ukiangalia humo utaona vidirisha viwili, kimoja kando ya kingine. Rubi inaupasua mwanga. Kidirisha kimoja kitakuwa chekundu cha kuelekea zambarau, kingine chekundu cha kuelekea chungwa. Spineli haipasui. Mwanga unaingia mmoja, unatoka mmoja."

Binti aliisogeza pete dirishani, akafumba jicho moja.

"Vyote sawa."

"Geuza. Rubi nayo ina upande wake mmoja, ukiipima hapo tu inajifanya spineli. Wapimaji wavivu wameumbuka sana hapo."

"Vyote sawa."

"Ubavuni."

"Vyote sawa, fundi. Kila upande." Aliweka kibomba mezani. Mabega yalimshuka. "Kwa hiyo ni kweli. Alibadilisha."

"Ni kweli ni spineli. Hilo la kubadilisha ni jingine." Bi Msasa alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Nani alisema mwanzoni ilikuwa rubi?"

"Sonara wa ukoo. Rafiki yake babu. Bibi anakisimulia kila mwaka: alikwaruza kioo kwa jiwe, kioo kikachorwa. Kisha akaliweka chini ya taa ya zambarau, likawaka kama kaa la moto. Akasema, hiyo ndiyo rubi, mwite yeyote aje akatae."

Bi Msasa aliinuka kwenye ndoo. Alivuta droo ya chini, ile ambayo wateja hawaoneshwi.

Humo ndimo walimokaa watu wake. Spineli za waridi. Spineli za kijivu kama mawingu. Nyeusi tii. Moja ya buluu ambayo ukiitoa dirishani ukaiweka karibu na balbu inageuka zambarau. Hizo ndizo alizokuwa akiziamkia asubuhi, na nyingine alizipa salamu za kulala. Usicheke. Mtu lazima amwambie mtu "lala salama," hata kama mtu mwenyewe ni jiwe.

Akachagua kipande chekundu kisichosafishwa, akakikwaruza kwenye chupa tupu. Kioo kikachorwa mstari mweupe.

"Hii nayo spineli," alisema. "Rubi inaizidi ugumu, lakini kioo kwa hizi zote mbili ni laini. Funga pazia."

Binti alivuta pazia la dirisha. Katika lile giza la mchana Bi Msasa aliwasha taa ya zambarau. Kipande kikawaka. Akasogeza pete karibu. Ikawaka nayo, nyekundu ileile.

"Kitu kinachoitia rubi wekundu ndicho kinachoitia spineli. Vyote viwili vinawaka. Yule sonara hakupima kama ni rubi, mwanangu. Alipima kama si kioo."

Neno "mwanangu" lilimtoka bila kuombwa ruhusa. Binti hakushtuka, mtu mzima yeyote angeweza kumwita hivyo. Bi Msasa peke yake ndiye aliyeungua.

"Na si yeye wa kwanza," aliongeza haraka haraka. "Wafalme wamevaa spineli kwenye mataji yao zama kwa zama wakidhani ni rubi. Jiwe zuri, gumu, halipasuki ovyo, halihitaji kupikwa motoni lipate rangi. Kosa lake ni moja tu, kuitwa kwa jina la mwenzake. Siku jina linapotoka, watu wanaliona tapeli, na lenyewe halijawahi kusema ni nani."

Binti alifungua pazia. Alikuwa anafikiri, na alifikiri kwa kukunja paji la uso kama baba yake.

"Sawa," alisema. "Kwa hiyo inawezekana ilikuwa spineli tangu zamani. Lakini pia inawezekana ilikuwa rubi, na akaweka spineli. Au hata hili ni la kiwandani. Hujanithibitishia, fundi. Umenipa shaka tu."

Lo! Akili ile! Bi Msasa alitaka kucheka na alitaka kulia, na hakuna kati ya hivyo kinachofanyika mbele ya mteja.

"La kiwandani si kweli. Shika lenzi. Tazama ndani, chini ya uso wa jiwe, upande huu uliokatwa bapa. Unaona nini?"

"Vumbi."

"Tulia. Tazama tena."

"Punje. Punje ndogo ndogo, zimepangana mstari." Binti alishusha pumzi. "Kila moja kama piramidi mbili zimegandana kitako kwa kitako."

"Hivyo ndivyo spineli inavyozaliwa ardhini. Hizo ni ndogo zake, zilinaswa ndani wakati kubwa linakua. Kiwanda hakiwezi kukupa hizo, kinakupa viputo vya hewa au kinakupa utupu. Sasa ufuate mstari. Unaishia wapi?"

"Unaishia... hauishii. Unafika kwenye ule ubapa, na punje ya mwisho iko nusu. Imekatwa."

"Na msumeno. Jiwe lilikuwa moja kubwa, likakatwa mawili. Punje hiyo nusu yake iko kwenye jiwe jingine. Ukilipata hilo jingine, na kama halijawahi kutoka mikononi mwa mwenyewe, basi hata hili halikubadilishwa."

Binti aliweka lenzi mezani polepole sana.

"Kidani cha bibi," alinong'ona.

Bi Msasa alikuwa akilingoja neno hilo tangu enzi za ujana wake.

"Yuko mbali, huyo bibi?"

"Mbali wapi! Yuko nje hapo, ndani ya gari. Ndiye aliyenielekeza kwako. Alisema miguu inamsumbua, atangojea."

Haya sasa! Bi Msasa aligeukia mlango. Mama mkwe nje ya mlango wake? Na alijua mlango ni wa nani? Kabla hajapata la kusema, binti alikuwa ameshatoka mbio, na baada ya muda wakasikika: fimbo, pumzi, fimbo, pumzi.

Alikuwa amepungua. Yule mwanamke aliyekuwa akiijaza sebule nzima sasa aliegemea mkono wa mjukuu, na gauni lilimpwaya. Lakini macho yalikuwa yaleyale. Yalizunguka chumbani, yakahesabu umaskini wote, yakatua kwa Bi Msasa na kutulia hapo.

"Hujambo, fundi," alisema.

"Shikamoo," Bi Msasa alijibu.

Wakaishia hapo, utadhani wanaonana kwa mara ya kwanza. Binti alimkalisha bibi yake kwenye kile kiti kimoja, akaanza kumweleza mambo ya punje na misumeno kwa maneno yaliyokuwa yakipandana.

"Kwa hiyo, bibi, tunaomba kidani. Dakika moja tu. Najua hakivuliwi, lakini—"

"Nisaidieni kifungo," mama mkwe alisema. "Vidole vyangu havina nguvu."

Binti alibaki mdomo wazi. Bi Msasa ndiye aliyepita nyuma ya kiti. Aliinamia ile shingo, akakigusa kifungo, na ngozi chini ya mkufu ilikuwa nyororo na ya rangi nyingine, kama ngozi ya mtoto. Hakuwa amemgusa mtu kwa muda mrefu. Kifungo kikaachia.

Akaliweka jiwe la kidani ubavu kwa ubavu na la pete, bapa kwa bapa, akayashika kwa koleo. Alichungulia kwanza yeye. Kisha akampa binti lenzi.

Binti alitazama. Akatazama tena.

"Mstari unaendelea," alisema. "Unatoka huku, unaingia huku. Na ile punje... nusu huku, nusu huku." Alianza kucheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. "Hakuiba! Bibi, unasikia? Mama yangu hakuiba!"

"Hakuiba," mama mkwe alisema.

Kisha akamwinulia uso mwenye chumba.

"Nisamehe, mkwe wangu."

Msomaji, mama huyu alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume. Na huyo mtoto wa kiume alioa mara moja tu. Hesabu hiyo haikumchukua binti muda.

Alimtazama bibi. Akamtazama fundi. Akatazama mikono ya fundi, kucha zilizoliwa na vumbi la mawe, akarudi usoni. Alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa mlango.

"Wewe?"

Bi Msasa aliitikia kwa kichwa.

"Nimekaa hapa muda wote huu. Nimekunywa chai yako. Nimemwita mama yangu mwizi mbele ya macho yako, ukanifundisha kushika lenzi! Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ningekuwa mwizi anayejitetea. Nilitaka jiwe liseme kwanza."

"Mimi sikuja kwa ajili ya jiwe!"

Mlango ulibamizwa, droo zikatikisika, na zile spineli zikagongana ndani kama meno.

Wakabaki wawili. Fikiria hilo, msomaji. Miaka yote hiyo alilia kupata mtu wa kukaa naye chumbani, na aliyeletewa ni mama mkwe.

Bi Msasa hakumkimbilia binti mara moja, na nitakuambia kwa nini. Kulikuwa na kitu kinamwasha kichwani.

"Umekivua bila ubishi," alisema. "Siku ile nilipiga magoti nikakuomba, ukakataa. Leo umekivua hata kabla hajamaliza kuomba. Ulikuwa unajua tayari kitakachoonekana."

Mama mkwe aliinamia fimbo yake.

"Nani alikuambia?"

"Mwanangu."

"Mume wangu?"

"Alijua tangu mwanzo. Kabla sijakupa pete uisugue alikuwa ameichukua kabatini kwangu kimya kimya, akaipeleka kupimwa. Alitaka kujua atarithi nini. Akaambiwa spineli. Akairudisha, akafunga mdomo ili baba yake kaburini asionekane mjinga. Siku ya karamu wewe ukashikwa, naye akanyamaza. Kesho yake akanyamaza kwa sababu alikuwa amenyamaza jana. Ndivyo ilivyokwenda." Alisugua shingo yake tupu. "Mwaka jana aliugua, akadhani anakufa, akaniungamia yote. Kisha akapona."

Alilisema hilo la mwisho kama mtu anayelalamika.

Bi Msasa alishika ukingo wa meza. Kwa hiyo yule mtu aliyetazama sakafu hakuwa akiogopa mama yake. Hakuwa akimshuku mkewe hata kidogo. Alikuwa na neno moja mdomoni la kumrudisha mkewe ndani, alilala nalo, aliamka nalo, akamwacha abebe mkoba atoke. Hasira iliyompanda ilikuwa mpya kabisa, na alishangaa kwamba bado ana mahali pa kuiweka.

"Ndiyo maana nimemleta mtoto hapa," mama mkwe aliendelea. "Nilitaka jiwe likusafishe, na jina la mwanangu libaki lilivyo. Yule binti hana ukuta mwingine ila baba yake. Alimlisha, akamsuka nywele, akamuuguza. Jumamosi ndiye atakayemshika mkono. Ukimwambia, utamvunja."

"Na mimi mlipokuwa mnanivunja?"

Mama mkwe alifungua kinywa, akakifunga. Angalau hilo alikuwa amejifunza.

Nje injini ya gari ikanguruma.

Bi Msasa alitoka kama alivyo, aproni kiunoni, miguu mitupu, akakanyaga kokoto bila kuzisikia. Majirani walichungulia, maana walikuwa hawajawahi kumwona anakimbia. Alifika akagonga kioo kwa kiganja.

Kioo kilishuka kidogo tu. Macho ya binti yalikuwa yamevimba.

"Sitaki habari za mawe," alisema.

"Sina habari za mawe."

"Basi nijibu moja tu. Usinizungushe." Mikono yake iliukaba usukani. "Baba alijua?"

Hapo palikuwa na kila kitu. Ndiyo moja, na yule mtu angeonja mwenyewe kusimama nje ya geti. Ndiyo moja, na huyu binti angebaki na mzazi mmoja, na huyo mzazi angekuwa yeye. Nafsi yake yote, iliyolala peke yake usiku baada ya usiku, ililililia lile neno.

Kisha akauona ule uso. Haukuwa uso unaouliza. Ulikuwa unaomba.

"Hakujua," Bi Msasa alisema. "Baba yako alidanganywa kama wengine."

Binti alimkazia macho. Kitu fulani kikalegea mabegani mwake. Akajinyoosha, akafungua mlango wa upande wa pili.

"Panda."

"Twende wapi?"

"Kwa baba. Kila mwaka siku yangu ya kuzaliwa anajifungia chumbani analia, na hasemi kwa nini. Nadhani anajilaumu kwamba alikushuku." Alijifuta pua kwa mkono. "Nataka umtazame usoni umwambie hayohayo uliyoniambia mimi. Nikiwa nimesimama hapo hapo."

Bi Msasa aligeuka. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni kwa shida, amesikia kila neno, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane macho yake yalikuwa na hofu.

"Unapanda au hupandi?" binti aliuliza. Na baada ya kusita, kwa sauti ndogo iliyokuwa haijazoea: "Mama?"

Akapanda. Gari likaondoka likimwacha mama mkwe mlangoni, na Bi Msasa amekaa miguu mitupu kando ya mwanawe, wakielekea kwa mtu ambaye atakapoyasikia yale maneno atajua papo hapo kwamba ni uongo, na atajua umesemwa kwa ajili ya nani.